Mtoa Majina na Ngozi ya Ningrum

Mjomba Darmaji ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani, nyembamba, ya kuuliza nani kanywa kahawa yake. Ya pili ni ya ofisini, inatoka tumboni, na huitoa wakikusanyika watu watatu na kuendelea, ingawa ofisi yenyewe aliiacha miaka sita iliyopita. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa kijiji chetu cha Kedungsari. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia wapi. Mwenyewe husema aliitumikia dola. Siku moja nilimwuliza, kwa kutaka kujua tu, dola ilimtuma kazi gani nyingine zaidi ya hiyo. Akanitazama kana kwamba nimemwagia mchuzi kwenye saruni yake, akasema watoto wa siku hizi shule haiwafundishi kitu.

Katika kuandika waliozaliwa ndipo alipopatwa na ugonjwa wa kutoa majina. Mzazi alikuja na jina lake kwenye kikaratasi, Mjomba akalisoma na kukunja pua: "Hili ni jina, au ni kelele ya mtu aliyekanyagwa?" Kisha akaandika analotaka yeye. Wazazi wangefanya nini? Bila yeye cheti hakitoki. Darasani kwetu peke yake wako watatu aliowabatiza kwa mtindo huo. Mmoja jina lake lina maneno matano, na kwenye karatasi ya mtihani visanduku humwishia katikati, kwa hiyo kila mwaka anafanya mtihani akiwa nusu mtu.

Tunaishi uwanja mmoja. Nyumba ya mbele, yenye baraza, ni ya Mjomba, kwa sababu babu alipofariki yeye ndiye mkubwa. Ya kati ni yetu, mimi na mama. Ya nyuma, karibu na kisima, ni ya mama mdogo wangu Rumini, kitinda mimba wao, ambaye mumewe yuko Kalimantan kwenye kazi za ujenzi na akipigiwa simu jibu lake ni moja tu: "Mfuate Kaka."

Mama mdogo alipojifungua, hakuna aliyethubutu kuwaza jina. Mjomba alifunga siku tatu ili aoteshwe. Au tuseme alisema kafunga, maana mimi ndiye niliyekuwa nampelekea ndizi za kukaanga. Siku ya nne akatoka nalo: Mahadewi Jagad Wisesaningrum. Kwa kifupi maana yake ni mungu mkuu wa kike, mwenye mamlaka juu ya ulimwengu mzima. Mtoto alikuwa na kilo mbili na nusu, amelala, povu mdomoni. Sisi tukakata kipande cha mwisho, tukamwita Ningrum.

Alipofika miezi minne mashavu yakaanza kuwa mekundu, yakapasuka, yakatoa majimaji ya njano yanayokauka kama utomvu. Kwetu hali hiyo huitwa ukurutu wa maziwa, na watu huamini kwamba maziwa ya mama yakimdondokea mtoto shavuni ndiyo yanayomchoma. Mjomba alikuja hadi jikoni kwa Mama mdogo kufanya uchunguzi.

"Rumini, unakula nini?"

"Ninachokula siku zote, Kaka."

"Mayai?"

"Nayo pia."

"Samaki?"

"Kaka, samaki wetu ni wale wa chumvi, wadogo kama kucha."

"Acha. Mayai, samaki, kuku, karanga, vyote acha. Maziwa yako yamekuwa makali. Na ukimnyonyesha mfunike mashavu."

"Nikimfunika mashavu atanyonya na nini?"

"Usinijibujibu."

Akaacha. Alikula wali na kisamvu cha kuchemsha, siku akijitahidi tempe moja, kile kipande cha soya iliyochachushwa, akakonda mpaka bangili zikawa zinamfika kiwikoni. Mtoto naye akabaki na mashavu yaleyale. Kisha ukurutu ukashuka: shingoni, viganjani, ndani ya viwiko, nyuma ya magoti. Alipotimiza miaka miwili, ngozi ya mikunjo ilikuwa nene na ngumu kama ya kisigino. Niliazima kioo cha kukuzia cha maabara ya shule nikaiangalia. Ilikuwa imepasuka vipandevipande kama shamba la mpunga lililokosa maji. Nilitaka kujua zile nyufa zinafika wapi, lakini Ningrum hakuweza kukaa tuli hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Alijikuna. Akila anajikuna, akicheka anajikuna. Mama mdogo alikuwa analala amemshika mikono yote miwili, na bado asubuhi shuka lilikuwa na vidoa vya damu.

Dawa ya Mjomba ilikuwa moja. Kila alasiri, watoto wakishaogeshwa, alikuja na chupa ya telon, yale mafuta ya nazi yaliyochanganywa na ya mikaratusi, akamwaga kiganjani na kumsugua mtoto mwili mzima. Huku kwetu mtoto asiponukia telon na uso wake usipokuwa mweupe kwa poda, watu watauliza kama ana mama. Ningrum akiiona ile chupa tu alikuwa anajificha chini ya kitanda. Mjomba alimvuta mguu. Mtoto akilia, yeye anafurahi.

"Yanamwingia hayo. Dawa ikiingia lazima iume."

Hiyo ndiyo elimu aliyoipata katika kuitumikia dola.

Likizo ilipofika, Mama mdogo aliniambia, "Wening, vaa, tunakwenda sokoni," na pikipiki ikapita sokoni bila kusimama. Tukaenda kituo cha afya. Daktari alikuwa dada mdogomdogo mwenye miwani. Aliketi sakafuni na Ningrum, akampa kipande cha karatasi achane, na wakati mtoto anachana yeye akawa anamkagua mkunjo mmoja baada ya mwingine. Nikamwuliza kwa nini inakuwa mikunjoni hasa. Akasema jasho na joto hukaa hapo, halafu akafurahi kwamba nimeuliza, akaeleza yote.

"Hii ni pumu ya ngozi. Haiambukizi. Chukulia ngozi yake ni paa ambalo vigae vimeachana. Maji ya ndani yanatoka, vumbi la nje linaingia, ndiyo maana inakauka na kuwasha. Kazi yetu ni kulifunika hilo paa kila siku. Litafunguka tena, tutalifunika tena. Akikua huenda likatulia lenyewe."

"Na maziwa yangu?" Mama mdogo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yana nini?"

"Makali."

"Nani kayaonja?" daktari akauliza. Alipoona Mama mdogo hacheki, akamshika mkono. "Maziwa yako hayana kosa, dada. Na mayai usiache kwa kubahatisha tu. Kula."

Mama mdogo akaanza kulia palepale, shungi mdomoni. "Mwaka na miezi nane," alisema. "Mwaka na miezi nane sijala yai."

Tulirudi na sabuni isiyo na harufu, kopo kubwa la mafuta ya mgando na tyubu ndogo ya dawa. Maji yawe vuguvugu, dakika chache, bila kusugua. Kumfuta ni kwa kumgusagusa na kitambaa, na kabla ngozi haijakauka sawasawa anapakwa mgando kwa wingi, bila ubahili. Dawa ya tyubu ni ya sehemu nyekundu tu, kidogo, mara mbili kwa siku kwa siku saba, halafu arudishwe aangaliwe. Kucha fupi, nguo za pamba.

"Na telon?" nikauliza.

"Telon na poda mpeni anayezipenda," alisema daktari.

Siku ya tano Ningrum alilala usiku kucha. Mama mdogo aliamka kukiwa kumepambazuka, mikono yake haijashika kitu, akapiga ukelele uliotuleta sote mbio, kwa sababu alidhani mtoto amekufa. Mtoto alikuwa anakoroma.

Siku ya sita jioni Mjomba alikuwa barazani na majirani, Mzee Kasan na wengine wanne, wakinywa kahawa. Hizo siku tano tulikuwa tumemkwepa kwa kumwogesha mtoto mapema na kumwambia telon ameshapakwa. Ningrum akakimbilia barazani kufuata biskuti. Mjomba akamnyanyua, akamwekea pua shingoni.

"Huyu hanukii."

Watu wakacheka.

"Msicheke. Mtoto wa watu, jioni hii, hanukii kitu! Rumini!"

Mama mdogo alikuja na kanga begani. Alisema ukweli. Nadhani alifikiri mtoto mwenyewe, na shingo yake ile iliyokuwa imeanza kuwa laini, atamtetea. Mjomba hakuiangalia shingo. Aliagiza dawa iletwe, akavaa miwani, akaifungua karatasi ya ndani ya boksi na kuisoma kwa sauti ya ofisini kuanzia jina la kiwanda.

"'Huweza kusababisha ngozi kuwa nyembamba.' Mnasikia? Nyembamba!"

"Duh," alisema Mzee Kasan.

"Kaka, daktari kasema siku saba, na sehemu nyekundu tu."

"Daktari yupi? Yule binti mwenye miwani? Mimi nimemwandika yule alipozaliwa!"

Basi, mtu akishakuandika ulipozaliwa huwezi tena kujua kitu asichokijua yeye. Tyubu ikaingia mfukoni mwake. Telon ikarudi jioni ileile, mbele ya wageni, na Mzee Kasan ndiye aliyemshika mtoto miguu.

Siku tatu baadaye nilimpelekea Mjomba chakula cha mchana. Ana ndege, tetere, anayeishi kwenye kizimba chenye nakshi na kula nafaka zilizochambuliwa moja moja. Nilimkuta amempakata yule ndege chali, anampaka miguuni kwa pamba. Mkononi alikuwa na tyubu ya Ningrum.

"Mjomba, hiyo si ya mtoto?"

"Ni kali kwa mtoto. Huyu ana magamba, anastahimili." Akaendelea kupaka kwa uangalifu mkubwa, ulimi umemtoka pembeni. "Na wala siweki nyingi. Kidogo tu, mara mbili kwa siku, sehemu nyekundu."

Nilisimama pale na sahani. Nimeishi miaka kumi na mitano na sijawahi kuona binadamu akifuata maelezo ya daktari kwa unyenyekevu ule.

Wiki haikuisha. Ngozi ya Ningrum ilifumuka upya, mikunjo ikawa inatoa usaha, mwili ukawa moto. Safari hii hatukusema tunakwenda sokoni. Daktari alisema vijidudu vimeingia penye vidonda, akampa dawa ya kunywa, kisha akauliza tyubu tuliipaka siku ngapi.

Mama mdogo akaanza kumfunga mtoto vifungo.

"Sita," nikasema. "Ya saba alipakwa ndege."

Daktari alitungoja tucheke. Hatukucheka, akaandika nyingine.

Sasa, kwetu mtoto akiwa wa kuumwaumwa kila mara, wazee husema amezidiwa na jina. Jina ni zito, mwili haujaweza kulibeba, basi unapikwa uji mwekundu wa sukari ya mnazi na uji mweupe, watu wanakaa mkekani, mtoto anapewa jina jepesi. Baada ya homa ile maneno yakaanza kisimani, yakaenda gengeni, yakafika msikitini. Ulimwengu mzima juu ya mabega ya mtoto wa miaka miwili, nani asiugue? Na aliyembebesha nani?

Mimi siamini kwamba jina linaweza kumwasha mtu. Lakini nilifurahi, nisiseme uongo. Mjomba alikuwa na watoto zaidi ya arobaini wanaotembea na majina yake, na kila mmoja akipiga chafya sasa watu walikuwa wanamtazama yeye. Siku mbili hakuonekana barazani. Siku ya tatu alikuja jikoni kwa Mama mdogo. Mama mdogo alikuwa anakata tempe, mimi napepea mkaa.

"Rumini, nimetafakari. Huyu mtoto hana nguvu. Damu ya upande wa baba yake ni nyepesi. Jina halina tatizo, ila mbebaji ndiye hawezi. Nitampa dogo."

"Lipi, Kaka?"

"Saras. Maana yake mzima, mwenye afya."

"Zuri."

"Nilijua utaelewa."

"Ila na mimi nina langu." Mama mdogo hakuinua macho kwenye kisu. "Tangu siku ya uji, siku thelathini na tano, ngozi ya mwanangu asiiguse mtu isipokuwa mimi. Telon hapana, poda hapana. Na nikimpaka za daktari, mtu asizichukue."

"Haiwezekani. Watu watasema nini?"

"Watasema utakachowaambia. Wewe ndiye unayejua kusema."

"Mimi ndiye mkubwa hapa, Rumini."

"Ndiyo, Kaka. Kwa hiyo hebu fikiria kama mkubwa. Unampa jina jipya, watu wote wanakula uji, halafu baada ya mwezi mtoto bado ana vidonda. Watasemaje? Watasema hata la pili limemshinda. Atakayeumbuka ni nani, mimi?"

Niliacha kupepea. Mjomba alizitazama tempe kama ndizo zilizomjibu. Kisha akasema siku thelathini na tano ni hesabu nzuri, hesabu ya wazee wetu, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kuitaja.

Siku ya uji alivaa koti. Majirani walijaa mkekani. Akatoa jina jipya, wakaitikia, halafu akanyanyua kidole.

"Na nimeoteshwa jambo jingine. Kwa siku thelathini na tano mtoto huyu asipakwe chochote chenye harufu. Aogeshwe kwa maji ya vuguvugu. Asisuguliwe. Apakwe mafuta matupu, asubuhi na jioni, na mkono wa mama yake peke yake!"

"Subhanallah," alisema Mzee Kasan, akafuta macho.

Nilitoka nje nikaenda kucheka kwenye migomba. Nilipomaliza kucheka nikagundua nimekasirika.

Siku hizo thelathini na tano Mjomba alizihesabu. Mama mdogo alizifanya. Kuchemsha maji na kuyapoza, kupima kwa kiwiko, kuogesha, kukimbiza mtoto anayeteleza kama samaki ili apakwe kabla hajakauka, kufua nguo na kuzisuuza mara tatu, kukata kucha akiwa amelala, kupaka ile dawa kidogo, kuhesabu siku, kumrudisha kwa daktari, kuambiwa aipumzishe, kuendelea na mgando. Siku ya ishirini ukurutu ulirudi nyuma ya goti moja. Aliogopa, lakini akafanya alivyoelekezwa na ukatulia. Alianza kula mayai. Mabega yakajaa. Siku ya thelathini na tano ngozi ya Ningrum ilikuwa na mabaka meupe palipokuwa na vidonda, basi. Unaweza kupitisha kidole ndani ya kiwiko na kisikwame popote. Nilipitisha mara nyingi, sikuchoka.

Mjomba akambeba nyumba hadi nyumba. "Mtazameni Saras! Jina tu hilo!"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Saras, hata mtoto mwenyewe haitiki.

"Mama mdogo," nilimwuliza tukianika nguo, "mbona unamwachia?"

"Namwachia nini?"

"Sifa zote."

"Sifa unampaka mtoto wapi?" alijibu. "Mimi nilitaka ngozi. Nimepata. Yeye achukue hizo zake akatembee nazo."

Niliendelea kuanika, kwa heshima tu. Kwa maoni yangu sifa aliyopewa mtu kama Mjomba ni kama kiberiti, na sikungoja muda mrefu kuona moto.

Wiki iliyofuata alikuja dada mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto, Tumini, na mtoto wa kiume wa miezi minane. Mashavu ya yule mtoto yalikuwa kama ya Ningrum zamani, mabichi kabisa, na mikono kafungiwa soksi. Alikuwa ananuka telon kuanzia getini. Mjomba alimketisha barazani. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, yaani nilikuwa nafagia palepale.

"Kituo cha afya walinipa mafuta," alisema Tumini, "lakini niliposikia habari ya mtoto wenu nikayatupa. Nikasema mbona nahangaika, kumbe ni jina."

"Umefanya vizuri. Anaitwaje?"

"Bagaskara Surya Dirgantara."

Mjomba alicheka, akatikisa kichwa kwa huruma. "Jua mara mbili, na anga juu yake! Mtoto mchanga! Mpumbavu gani kampa jina hilo?"

"Ni wewe, Mzee," alisema Tumini. "Nilikufuata hapahapa, ukiwa umeshastaafu."

Ufagio ulinitoka mkononi.

"Lilikuwa sawa kwa wakati ule," alisema Mjomba baada ya kukohoa. "Hali ya hewa imebadilika. Tutampa dogo, Bejo, yaani mwenye bahati. Lete mchele na sukari siku ya Ijumaa, tutapika uji. Kwa sasa mwendeleze na telon, mpake vizuri asipate upepo."

Alikuwa amesahau. Hiyo ndoto aliyoitangaza na kidole hewani, hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ilikuwa na kazi yoyote. Kwake ilikuwa mapambo.

Mama mdogo alikuwa kisimani, lakini kisima chetu hakiko mbali. Alikuja na Ningrum kiunoni, mikono bado ina povu.

"Kaka, telon tena?"

"Hayakuhusu, Rumini. Nina mgeni."

"Nauliza tu. Ulioteshwa asipakwe chenye harufu. Au ndoto imebadilika na hali ya hewa?"

Tumini alimtazama huyu, akamtazama yule. "Samahanini. Kwani kilichomponya ni nini? Jina, au hayo mengine?"

Mjomba alifungua mdomo. Alikuwa na watu watatu na watoto wawili mbele yake, na sauti ya ofisini haikuja wala ya nyumbani haikuja. "Vyote," alisema mwisho. "Vinakwenda pamoja."

Niliona Mama mdogo akimwangalia kaka yake, halafu akiyaangalia yale mashavu. Angeweza kurudi kisimani. Ngozi aliyoitaka alikuwa nayo kiunoni. Akaukunjua mkono wa Ningrum mbele ya Tumini.

"Gusa hapa, dada. Usiogope, gusa. Hapa palikuwa panatoa usaha. Mimi ndiye niliyelala naye, mimi ndiye niliyemwogesha, na nitakwambia nilichompaka kwa mkono huu. Jina sikumpaka. Nilimpaka dawa ya daktari na mafuta ya mgando, siku zote hizo, na mpaka leo sijaacha, maana nikiacha ukurutu unarudi. Ndoto Kaka hakuota. Nilimwambia mimi, jikoni, huyu Wening shahidi."

"Ni kweli," nikasema haraka, kabla sijaulizwa.

"Rumini!" alisema Mjomba. "Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Watu gani, Kaka? Mwenzangu huyu katupa dawa ya mtoto kwa ajili yako."

Tumini alikuwa ameshasimama. Alikuwa anamfungua mtoto zile soksi, na mtoto alipopata mikono tu akaipeleka mashavuni. Mama mdogo alimdaka viganja, akavishika kwa ule mshiko wake wa miaka miwili, usiobana wala kulegea.

"Twende nyuma," alisema. "Tumwoshe hayo mafuta kwanza. Kesho asubuhi umrudishe kituo cha afya, umwambie daktari ukweli kwamba dawa uliitupa. Hatakugombeza. Sisi yetu ilipakwa ndege na hakutugombeza."

Wakaenda. Mjomba akaniita nikae, eti anieleze jambo lilivyo hasa tangu mwanzo. Nikamwambia nakwenda kuchemsha maji.

Uji wa Ijumaa ulipikwa, maana mchele ulishaletwa, na mtoto akaitwa Bejo, na Tumini alikula sahani mbili. Mashavu yanapona polepole. Juzi yalichubuka tena, akaja kuonyesha. Siku hizi wanakuja wengine pia, kina mama wa ng'ambo na wa hapahapa, watoto begani. Wakifika barazani wanamwinamia Mjomba, kwa sababu ni mzee na wamefundishwa adabu. "Shikamoo, Mzee." Naye anajiweka sawa kitini, anakohoa, anauliza mtoto anaitwaje. Wanamjibu wakiwa wanatembea, wanapita ubavuni mwa nyumba, wanaelekea kisimani.